KABLA YA KUBONYEZA KITUFE, ANDIKA JIBU LAKO



Awali ya yote nawashukuru wahariri wa jarida letu kwa kunipa tena ukurasa. Safari hii nimeombwa niandike jambo linalohusu kompyuta, kwa kuwa wengi wenu sasa mnaingia katika chumba chetu cha kompyuta mkiwa na hamu ya kufanya zaidi ya kuandika barua na kucheza michezo. Nimechagua jambo linaloonekana dogo: kujenga modeli ya mtambo mdogo ndani ya programu ya uigaji. Nasema linaonekana dogo, lakini mimi lilinigharimu trei 11 za mayai ambayo hayakuwa yangu, na aibu ambayo mpaka leo nikipita sokoni naikumbuka.

Nia yangu si kuwaogopesha na kompyuta. Nia yangu ni kutoa maoni yangu juu ya namna ya kuitumia, na maoni yenyewe ni haya: mtu asibonyeze kitufe cha kuendesha modeli yake kabla hajaandika kwenye daftari, kwa mkono wake, jibu analolitarajia. Anayebonyeza kwanza na kufikiri baadaye hajajifunza mitambo. Amejifunza kubonyeza tu.

MODELI NI NINI?

Tuanze na maana, ili tusiachane njiani. Modeli ni maelezo ya kitu halisi, yaliyopunguzwa mpaka yakabaki yale tunayoyahitaji. Ramani ya mji ni modeli: haina vumbi wala kelele, lakini inakufikisha. Modeli ya mtambo nayo huacha mengi. Huacha rangi, kutu na majina ya mafundi, na kubakiza vitu kama tungamo, springi na msuguano.

Mtambo unaofundishwa mwanzo karibu kila mahali duniani una vipande vitatu. Cha kwanza ni tungamo, yaani kitu chenye kilo zake. Cha pili ni springi, ambayo ukiivuta inakuvuta na ukiibana inakusukuma. Cha tatu ni dampa, kitu chenye kazi ile ile ya shokomzoba ya gari: inapinga mwendo, na kadiri mwendo unavyokuwa wa kasi ndivyo inavyopinga zaidi. Kwa vipande hivi vitatu unaweza kueleza kwa kiasi kizuri gari linalopita kwenye matuta, mlango unaojifunga wenyewe, mizani ya dukani, hata jengo refu linaloyumba kwa upepo.

Kanuni zake ni za zamani. Robert Hooke wa Uingereza alieleza mwaka 1678 kwamba springi hunyooka kwa kadiri ya kani inayoivuta: kani ikizidi mara mbili, na urefu ulioongezeka unazidi mara mbili. Isaac Newton naye, mwaka 1687, alitoa kanuni kwamba kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Programu za uigaji, pamoja na mapambo yao yote, zinapofanya kazi hii hazina siri nyingine. Zinachukua kanuni hizi mbili, na kuzikokotoa hatua kwa hatua, maelfu ya hatua, kwa kasi ambayo mkono wa mwanadamu hauiwezi.

Programu hizo ziko nyingi. Simulink ni maarufu sana vyuoni na viwandani, lakini ni ya kununua. Ziko za bure pia, kama Scilab, iliyoanzia Ufaransa, na OpenModelica, inayohusishwa na Chuo Kikuu cha Linköping nchini Sweden. Mimi natumia OpenModelica. Inakubali kompyuta ya kawaida, na kwa kuwa ni ya bure hakuna sababu ya mwanafunzi kutafuta nakala ya wizi ya programu nyingine. Ndani yake unakuta maktaba ya vipande. Unakiburuta kipande cha springi, cha dampa na cha tungamo, unaviweka kwenye karatasi nyeupe ya skrini, unaviunganisha ncha kwa ncha kwa mistari, unajaza namba za kila kipande, kisha unabonyeza. Grafu inatokea. Mtoto wa darasa la saba anaweza kufundishwa kwa saa moja.

Na hapo ndipo hatari ilipo.

MAYAI YA JIRANI

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, alikuwa akipeleka mayai sokoni kwa guta. Njia yetu mnaijua, ni mashimo na mawe. Kila safari mayai kadhaa yalivunjika, na faida yake ilikuwa inabaki barabarani. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya mashine? Nifanyie hesabu, tutie springi chini ya kitanda cha guta."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimejifunza programu hiyo miezi miwili tu, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali la kweli. Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea, ambaye alikuwa na springi nyingi za makochi ya zamani, laini, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 20. Nikazipima vizuri kabisa. Niliweka jiwe la kilo 5 juu ya springi moja, ikabonyea karibu sentimita 8. Kilo 5 ni nyutoni 49, kwa hiyo ugumu wa springi moja ni kama nyutoni 625 kwa mita. Springi nne, moja kila pembe, ni nyutoni 2,500 kwa mita. Hapo sikukosea hata kidogo.

Nikarudi kwenye kompyuta. Kitanda cha guta kilikuwa na kilo 20. Trei 45 za mayai zina kama kilo 80. Jumla kilo 100. Nikaweka kipande cha tungamo, nikajaza 100. Nikaweka springi, nikajaza 2,500. Chini yake nikaweka barabara inayopanda ghafla sentimita 3 na kushuka, mfano wa tuta. Nikabonyeza.

Grafu ilikuwa nzuri, ndugu zangu! Barabara ilipanda na kushuka, na mayai yalitikisika kidogo tu. Nikajaribu springi ngumu zaidi, mayai yakatikisika zaidi. Nikarudi kwenye zile laini, yakatulia. Jibu likawa wazi: springi za makochi ndizo zinazofaa, na kadiri zinavyokuwa laini ndivyo inavyokuwa bora. Nikaichapa ile grafu kwa rangi na kumpelekea mzee.

Fundi alipokwisha kuzifunga, kitanda kitupu kilibonyea kama sentimita 8. Alikitazama, akanitazama mimi, akasema, "Na hapa bado hatujapakia." Nikamjibu kwamba kompyuta imeshathibitisha. Yule fundi alinyamaza, kwa adabu yake, kwa sababu mbele yake alikuwa kijana aliyesoma mwenye karatasi ya rangi mkononi.

Asubuhi ya pili mzee alipakia trei 45. Springi zikabonyea mpaka pete zikalala juu ya pete, hakuna nafasi tena. Springi iliyofungana namna hiyo haina tofauti na gogo. Zaidi ya hapo kitanda kikawa kinayumba ubavuni, kwa kuwa springi za kochi hazina cha kuzishika upande. Alifika sokoni akiwa amepoteza trei 11, yaani mayai 330. Kabla ya springi zangu hakuwahi kupoteza hata trei moja nzima.

Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo kompyuta yako ilijua kwamba mayai yana uzito?"

KOSA LILIKUWA WAPI?

Nilikesha nikitafuta jibu la swali lile, na nililipata. Kompyuta haikujua.

Nilikuwa nimejaza kilo 100, ni kweli. Lakini kilo ni tungamo, na tungamo si uzito. Tungamo linaeleza jinsi kitu kilivyo kizito kukiondoa mahali kilipo na kukisimamisha kikisha kuondoka. Uzito ni kani ambayo dunia inakivutia kitu hicho chini. Vile vipande vya mwendo wa mstari ulionyooka katika maktaba niliyotumia havina mvutano wa dunia ndani yake. Havijui juu wala chini. Vinaweza kuwa vimelala mezani, vimesimama wima, au viko angani mbali na dunia. Anayetaka uzito lazima auweke mwenyewe, kama kani ya kudumu inayosukuma tungamo kuelekea chini: kilo 100 mara 9.81, yaani nyutoni 981. Mimi sikuiweka. Kwa hiyo modeli yangu ilikuwa ya guta linaloelea, na katika guta linaloelea springi laini ni nzuri kweli.

Programu haikusema uongo. Ilijibu swali nililoiuliza, na ilijibu sawasawa. Swali ndilo lililokuwa la mtu mwingine.

Sasa tazameni jinsi kosa hili lilivyokuwa rahisi kulikamata. Nyutoni 981 zigawanywe kwa 2,500, jibu ni mita 0.39, yaani sentimita 39. Springi yenyewe ilikuwa na sentimita 20! Wala haikuhitaji kugawanya. Kilo 5 zilibonyeza springi moja sentimita 8. Kilo 100 kwa springi nne ni kilo 25 kila moja, yaani mara tano ya lile jiwe. Nane mara tano ni 40. Hesabu hiyo angeweza kuifanya yule mzee mwenyewe akiwa anahesabu mayai. Nilikuwa na jiwe, nilikuwa na rula, nilikuwa na namba zote mkononi. Nilichokosa ni ile dakika moja ya kujiuliza: je, mimi nategemea nini?

Wahenga wanasema haraka haraka haina baraka. Mimi ningeongeza kwamba haraka ya siku hizi inatoka na grafu ya rangi, na ndiyo maana inaaminiwa.

MAKISIO MATATU

Kwa sababu hiyo najiwekea sharti, na nawashauri nanyi mjiwekee. Kabla ya kubonyeza, chora mtambo wako kwa penseli. Chora mshale unaoonyesha upande upi ni chanya, kwa maana ukisema juu ni chanya, basi uzito lazima uwe na alama ya kutoa. Halafu andika makisio matatu.

Kisio la kwanza: kitu kitatulia wapi? Gawanya uzito kwa ugumu wa springi. Tuchukue guta lile lile na springi ngumu mara nne, yaani jumla ya nyutoni 10,000 kwa mita. Nyutoni 981 kwa 10,000 ni karibu sentimita 10. Basi grafu yako mwishowe lazima itulie sentimita 10 chini ya pale ilipoanza. Ikitulia penginepo, au isiposhuka kabisa kama yangu, simama. Na jueni jambo moja zaidi: mzigo ukiachiwa ghafla juu ya springi isiyo na dampa, haushuki sentimita 10 tu. Unapita, unafika karibu 20, mara mbili kamili, ndipo unarudi. Ndiyo maana mpakiaji mwenye busara anaweka mzigo taratibu.

Kisio la pili: mbembeo mmoja, kwenda na kurudi, utachukua muda gani? Hapa nitawapa kanuni ambayo laiti ningeijua mapema. Chukua sentimita ambazo springi imebonyea kwa uzito wake yenyewe, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 0.2. Jibu ni sekunde. Imebonyea sentimita 9, kipeo cha pili ni 3, mbembeo ni sekunde 0.6. Imebonyea sentimita 25, mbembeo ni sekunde 1. Huna haja ya kujua kilo wala ugumu, rula peke yake inatosha. Inakuwa hivyo kwa sababu tungamo ndilo linalochelewesha mwendo na uzito ndio unaobonyeza springi, na viwili hivyo duniani hapa vinakwenda pamoja. Guta letu lenye springi za 10,000 lingebembea kwa kama sekunde 0.63. Grafu ikikuonyesha sekunde 6 au sekunde 0.02, ujue umejaza kipimo kisicho chake. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuandika nyutoni kwa milimita mahali programu inapotaka nyutoni kwa mita. Hapo umekosea mara 1,000.

Kisio la tatu: utikisikaji utaisha lini? Hili linategemea dampa. Kwa guta letu la kilo 100 na springi ya 10,000, dampa ya nyutoni 2,000 kwa kila mita moja ya mwendo kwa sekunde inatosha kuzuia mbembeo wote: mzigo unarudi mahali pake bila kupita. Ukiweka 400, unabembea, lakini kila mbembeo unabaki na kiasi cha robo hivi ya uliotangulia, na baada ya sekunde 2 huoni kitu. Ukiweka sifuri, unabembea daima. Mafundi wa magari wanalijua kisio hili bila kompyuta. Wanaukandamiza mwili wa gari kwenye kona na kuuachia. Ukipanda na kutulia, shokomzoba ni nzima. Ukiendelea kucheza, shokomzoba imekufa.

Makisio hayo yakilingana na grafu, basi unaweza kuanza kuiamini, na hapo ndipo kompyuta inapokuwa rafiki wa kweli. Yasipolingana, umepata somo. Ama umekosea kwenye karatasi, ama umekosea kwenye skrini, na kutafuta ni wapi ndiyo elimu yenyewe.

Nitataja mtego mmoja zaidi, kwa kuwa umewanasa wengi. Programu inakokotoa hatua nyingi, lakini inakuchorea nukta chache tu. OpenModelica, kama hukubadilisha kitu, inakuchorea vipande 500. Modeli ya sekunde 10 haina taabu. Lakini ukiiambia iendeshe sekunde 1,000 bila kuongeza nukta, unapata nukta moja kila sekunde 2. Guta letu lisilo na dampa linabembea mara tatu na zaidi ndani ya sekunde hizo 2, kwa hiyo nukta zinarukaruka, na mstari unaoziunganisha unakuchorea mbembeo wa polepole wa karibu sekunde 11, ambao haupo popote duniani. Mwenye kisio lake la sekunde 0.63 atacheka. Asiye nalo ataandika ripoti.

HATA WAKUBWA WALIKOSEA

Mtu asidhani kwamba haya ni makosa ya vijana wa madrasa na guta la mayai. Tarehe 10 Juni 2000, mjini London, lilifunguliwa daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, Millennium Bridge. Wahandisi wake walikuwa mahodari. Watu walipojaa juu yake, daraja likaanza kuyumba ubavuni. Likiyumba kidogo, watu walitanua miguu na kukanyaga kwa kufuata mayumbo yake ili wasianguke, na kukanyaga huko kukaliyumbisha zaidi. Siku mbili baadaye likafungwa. Hesabu zilikuwa zimezingatia uzito wa watu, lakini hazikuzingatia vya kutosha jinsi mtu anavyosukuma upande anapotembea, na jinsi anavyobadilisha hatua zake pale daraja linapoyumba. Dawa yake ilikuwa dampa, zipatazo 90, na daraja likafunguliwa tena Februari 2002. Mimi nilisahau kwamba mayai yana uzito. Wao lililowaponyoka ni kwamba watu wana miguu.

Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 1999, chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mars. Programu moja ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha pauni, na waliozipokea wakazichukua kama nyutoni. Tofauti yake ni zaidi ya mara nne. Kila upande ulifanya hesabu zake, na hakuna aliyesimama kuuliza kwa uzito unaostahili kwa nini njia ya chombo hailingani na matarajio.

WANAOSEMA TUACHE

Nilipoyaeleza haya mbele ya baadhi ya wazee wetu, mmoja alisema: basi tuachane na kompyuta, turudi kwenye rula na jiwe. Namheshimu, lakini sikubaliani naye.

Rula na jiwe vinakupa mahali pa kutulia na muda wa mbembeo. Havikuambii mayai yatatikisika kiasi gani guta likipita tuta la sentimita 3 kwa mwendo huu au ule, na shokomzoba kuukuu, na mzigo ukiwa nusu. Kwa mkono hesabu hiyo ni ya siku nzima. Kwa programu unaweza kujaribu springi 50 kabla ya adhuhuri bila kuvunja yai hata moja. Na sisi, ambao hatuna karakana wala maabara ya mitambo, tunaihitaji fursa hiyo kuliko wenye navyo.

Kundi jingine ni vijana wenzenu wanaosema kinyume chake: hesabu za mkono zimepitwa na wakati, kompyuta inajua zaidi. Hawa ndio ninaowahofia, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Kompyuta inakokotoa zaidi, wala haijui zaidi. Haijawahi kubeba trei ya mayai. Kila kinachojulikana ndani ya modeli umekiingiza wewe, na kila kilichosahaulika umekisahau wewe. Ukimpa mtu matokeo yake, umempa neno lako, na neno lako ni amana. Usimwambie "kompyuta imesema", kama nilivyomwambia yule fundi. Mwambie "nimekokotoa mimi", uone kama ulimi wako utakuwa mwepesi hivyo hivyo.

OMBI LANGU

Ombi langu kwa walimu wetu wa chumba cha kompyuta ni jepesi, na halina gharama. Kila mwanafunzi anayejenga modeli awe na daftari. Upande wa kushoto achore mtambo na kuandika makisio yake matatu, na mwalimu atie saini kabla ya kompyuta kuwashwa. Upande wa kulia aandike alichokiona kwenye grafu, na sababu ya kila tofauti. Asiadhibiwe kwa kisio lililokosea. Aulizwe tu kwa nini.

Halafu iwepo springi moja na jiwe moja, vitundikwe barazani. Modeli ya kwanza ya kila mwanafunzi iwe ya springi ile ile, jiwe lile lile. Apime kwa rula, ahesabu mibembeo 20 kwa saa ya mkononi, agawanye, alinganishe na skrini. Atakayeona namba ya rula, ya saa na ya kompyuta zimekutana, hatahitaji kuambiwa na mimi kwamba elimu ni tamu.

Ama yule mzee, nilimlipa mayai yake kwa miezi mitatu, kidogo kidogo. Tulirudi kwa yule yule fundi, na safari hii nilianza kwa kumsikiliza. Tulitia springi za nyutoni 10,000 kwa jumla, na shokomzoba mbili za pikipiki kuukuu, na vyuma vya kuzuia kitanda kisiyumbe ubavuni. Kabla hatujafunga chochote niliandika kwenye ubao wa mlango wake kwa chaki: sentimita 10. Tukapakia kilo 100 za mchanga. Fundi akashika rula, akainama, akasoma: tisa na nusu.

Mzee aliuliza ile nusu imekwenda wapi. Nikamwambia sijui, lakini nitaitafuta. Akacheka, akasema sasa ndiyo naanza kusoma.

Wassalaam.